Ngoma Niliyopiga Kuita Mayai

Nilipiga ngoma kuita mayai. Mayai ya kuku, ya kukaanga. Jana yake nilikuwa nimeona kwa macho yangu ngoma inalia na mayai yanakuja, basi nilipokuta ngoma nyingine imekaa bure kando ya mto, nami tumbo linanguruma, nikaona hakuna haja ya kuwasumbua wakubwa. Nikapiga. Mayai hayakuja. Kijiji kizima cha ng'ambo kilikimbilia msituni, na mama yangu akakaribia kurudi Kindu bila kumwona mama yake mzazi.

Nimeanza na ujinga wangu mwenyewe ili dada yangu asipate raha ya kunitangulia kuusimulia.

Ilikuwa vakansi kubwa ya mwaka jana, shule zimefungwa, kiangazi, wakati barabara zetu zinageuka vumbi badala ya uji. Baba ni shoferi. Anaendesha kamio ya mizigo ya mzungu mmoja wa hapa Kindu anayenunua mpunga, na kamio ile anaitunza kiasi kwamba mama anaiita mke mwenza. Baba akichelewa kurudi jioni, mama humwuliza, "Mwenzangu ameshindaje? Amekunywa maji?" Na baba, bila kucheka hata kidogo, hujibu kwamba amekunywa, ila anakohoa akipanda kilima.

Mama kwao si Kindu. Kwao ni msituni, njia ya Kama. Baba, mtoto wa Waislamu wa mjini, alimkuta huko alipokuwa bado mpakiaji wa magunia. Akamwoa, akamleta Kindu. Yeye akamfundisha mama kuswali, mama akamfundisha yeye kula viwavi, na kila mmoja anasema mwenzake ndiye aliyefaidika zaidi.

Alipoondoka kwao mimi nilikuwa tumboni. Tangu siku hiyo hakurudi. Watoto walifuatana, njia ni ndefu, na ruhusa ya kutoka teritori moja kwenda nyingine huombwa kwa kuinama mpaka mgongo uume. Kwa hiyo ukitaka kujua mama alikaa muda gani bila kumwona mama yake, usihesabu miaka. Nisimamishe mimi ukutani, unipime. Na mimi ni mrefu.

Basi mwaka jana mzungu wake akamtuma baba kuchukua mpunga kwenye ghala lililo ng'ambo ya mto mwingine, njia hiyohiyo ya Kama. Kijiji cha bibi kiko mbele ya ghala lile, mwendo wa nusu siku kwa miguu katika kijia cha msituni. Baba akavua kofia, akaomba atubebe. Mzungu akakubali kwa sharti moja: mpunga uwe bandarini Kindu kabla meli haijaondoka kuteremka. Meli haimngoji muntu, na shoferi aliyeikosa meli hapewi funguo tena. Baba akapanga na kupangua. Tukisafiri bila balaa, mama angepata siku moja nzima kwa mama yake. Siku moja. Mama aliipokea siku ile kama muntu aliyepewa shamba.

Katika kamio tulikuwa hivi. Mbele, baba na mama na mapasa. Nyuma, juu ya magunia matupu, mimi na dada yangu mdogo, ambaye ni mtoto mzuri isipokuwa mdomo. Mapasa wana umri ule wa kuuliza kila kitu mara mbili, na kwa kuwa wako wawili, ni mara nne. Tangu wazaliwe, wazazi wangu walipoteza majina yao. Mji mzima unawaita Baba Mapasa na Mama Mapasa, na mimi niliyewatangulia naitwa "yule". Kwetu pacha mmoja hapewi kitu bila mwenzake. Huyu akipata ndizi, yule naye apate ndizi saa ileile, ya urefu uleule, la sivyo mmoja ataona nyumba haimtaki na atarudi alikotoka. Hata kofi ni lazima ligawanywe sawa. Ndiyo maana hawachapwi. Nachapwa mimi kwa niaba yao.

Tulivuka mto wetu mkubwa asubuhi, tukaingia barabara ya msitu. Pacha wa kwanza alitapika kwenye kilima cha kwanza. Wa pili akangoja kilima cha pili, kwa haki. Wafanyakazi wa barabara walisimama pembeni na koleo zao wakatupungia, na vumbi la kamio likawafunika huku bado wanapunga. Jioni tulipotelemka tulikuwa weupe kama Mapadri wa shuleni kwangu, na dada yangu akasema mimi ndiye Padri mwenyewe kwa sababu ya masikio. Kwa heshima ya Mapadri sikumjibu. Nasoma kwao asubuhi, na jioni nasoma Kurani kwa mwalimu wa mtaani, na watu hawa wawili ambao hawakubaliani juu ya jambo lolote chini ya mbingu wanakubaliana kwamba nastahili fimbo.

Tulilala katika kijiji chenye nyumba ya wasafiri. Nyumba ile ni ya wasafiri wazungu. Sisi tulikuwa wasafiri tu. Baba akaegesha kamio karibu na kibanda cha soko, akafungua bashi, lile turubai la kufunikia mpunga, akalivuta kutoka ubavuni mwa kamio mpaka kwenye miti miwili aliyoichomeka chini. Mama akatandika mikeka, akatundika chandarua, akawasha moto. Wali na dagaa. Moshi unaingia machoni, kuku wa watu wanapita katikati ya sahani, mapasa wanapiga mayowe ya furaha kwa sababu ya nyumba isiyo na ukuta.

Shuleni Padri alitusomea siku moja habari za vijana wa Ulaya ambao wakati wa vakansi wanaacha nyumba zao za matofali, wanakwenda kulala ndani ya hema, kwa kupenda. Darasa lote tulicheka mpaka akakasirika. Tuliona ni watu waliofukuzwa na mama zao wakaona aibu kusema. Lakini jioni ile, nimelala chali chini ya bashi, mguu wa pacha mmoja shingoni kwangu na wa mwingine tumboni, baba anaimba taratibu huku anagonga magurudumu ya mke mwenza kusikia kama yana afya, nikawaelewa wale vijana. Nilimshukuru Mungu, yule wa Mapadri na yule wa mwalimu wangu, ambaye nadhani ni mmoja.

Sasa ngoma. Kabla jua halijazama, mzee mmoja alikwenda kwenye kibanda kilicho katikati ya kijiji, akaanza kupiga lukumbi. Asiyeijua lukumbi aelewe: haina ngozi. Ni gogo lililotobolewa mwanya juu na kuchimbwa tumbo, lina mdomo mnene na mdomo mwembamba, na sauti yake inapita msituni kutoka kijiji mpaka kijiji. Mzee alipiga, akarudia, akarudia. Na mara watu wakaanza kutoka. Huyu ana kuku, huyu ana kuni, huyu ana maji. Bibi kizee mmoja alibeba mayai ndani ya majani ya mgomba, kuku wake anamfuata nyuma analia. Wakapanga vitu vyote mbele ya nyumba ya wasafiri. Baadaye kidogo akafika mukubwa wa teritori, mzungu wa Serikali, katika motokari yake, anaelekea Kindu, akaingia ndani bila kutazama kulia wala kushoto.

Mimi nilitazama mayai. Mengi, meupe, yamejaa majani. Na mimi nina sikio. Kikohozi cha mwalimu, mwendo wa Padri, mlio wa meli, nikisikia mara moja tu nakurudishia. Nikachukua sufuria na mwiko, nikaupiga mdundo ule wa mzee, sawasawa, chini chini, mpaka ukakaa mkononi. Mama alikuwa anawaosha mapasa. Alinigeukia kwa uso ambao sikuuzoea.

"Weka chini," alisema. "Ule ni mudomo ya muntu. Hapana kuuchezea."

Niliweka chini. Mdundo ulibaki mkononi.

Kesho yake asubuhi tukafika kwenye mto huo wa pili, jua likiwa bado upande. Mto si mpana kama wetu wa Kindu. Ng'ambo niliona paa za kijiji cha wavushaji, moshi, wanawake wanaosha vyombo, na kivuko kimefungwa: mitumbwi mikubwa iliyounganishwa na kutandikwa mbao juu, kamio inapanda hapo, wanaume wanapiga makasia. Mama alishuka akajifunga kikwembe kipya palepale barabarani. Alikuwa na kapu la zawadi za kumpelekea mama yake, chumvi, sabuni, kitambaa, na hakuliweka chini tangu Kindu. Akaniambia, akinionyesha kwa kidevu, kwamba baada ya paa zile ni ghala, na baada ya ghala kuna kijia, na mwisho wa kijia ni kwao. Kabla ya jua kuzama tungekuwa huko.

Baba akatelemka majini kutazama kama ukingo utabeba kamio. Mama akawapeleka mapasa kichakani, wote wawili, hata asiyetaka. Kando ya barabara palikuwa na kibanda, na ndani yake lukumbi ya kuwaitia wavushaji, na vijiti vyake viwili juu. Shoferi huwa anapiga mapigo machache tu, ya kawaida, wanakuja. Baba alikuwa amesema atapiga akirudi.

Dada yangu alisema, "Nina njaa."

Nataka iandikwe kwamba ni yeye aliyesema.

Nilimwambia angoje, nitamwonyesha kitu. Nikachukua vijiti nikapiga ule mdundo wa mayai, mzima, nikaurudia kama mzee alivyourudia, kwa nguvu zangu zote, na kusema kweli nilijisikia muntu mkubwa. Ng'ambo, wanawake wakainua vichwa. Nikawapungia mkono. Mmoja akachukua mtoto, akaacha vyombo. Mwanamume akatoka mbio katika nyumba moja, halafu wengine. Nikamwambia dada yangu, "Unaona? Wanakwenda kuchukua."

Hawakuchukua kitu. Mara ng'ambo pakawa kimya. Moshi ulipanda, kuku walitembea, vyombo vilibaki majini vinazunguka, na hapakuwa na muntu hata mmoja.

Baba akapanda kutoka mtoni, akapiga mapigo yake ya shoferi. Kimya. Akapiga tena. Akaita kwa mikono mdomoni kwamba ni kamio ya mpunga, waje. Mto ukamrudishia sauti yake. Akageuka, akamtazama dada yangu, kwa sababu katika nyumba yetu anayetafuta ukweli anaanzia hapo.

"Njo yeye," dada alisema kwa kidole. "Alikuwa anaita mayai."

Nilieleza. Kadiri nilivyoeleza ndivyo baba alivyozidi kuniangalia kama gurudumu lililopasuka. Nilitegemea kofi. Alikaa juu ya gogo, akavua kofia.

"Yale mayai ya jana," alisema, "hawakuyaleta. Yalichukuliwa."

Halafu akanieleza, bila kupandisha sauti. Mdundo ule unasema mukubwa wa teritori anakuja. Akitangazwa akiwa bado njiani, watu wanakusanya kuku na mayai wanatulia. Lakini akitangazwa ghafla, akiwa tayari mlangoni, anakuja kutafuta wanaume wa kazi ya barabara au waliochelewa kodi, na wanaume wenye akili hawamngoji. Wavushaji walikuwa msituni. Na kila baba alivyozidi kuwaita kwa ngoma, ndivyo walivyozidi kuamini kwamba mukubwa yuko ukingoni na amekasirika. Yeye mwenyewe hakujua ngoma ile ila mapigo ya shoferi. Alijaribu kutafuta mtumbwi upande wetu. Hapakuwa hata mmoja. Wenye kujua kuogelea mto ule walikuwa mamba.

Tukangoja. Jua likapanda, likasimama, likaanza kushuka. Baba alizunguka kamio. Nilijua anachofikiri kwa sababu nami nilikuwa nakifikiri: meli. Siku ile ndiyo ilikuwa imepangwa kutufikisha kwa bibi, tulale huko, na kesho yake iwe siku ya mama. Tukivuka kesho, itakuwa kuvuka, kupakia mpunga, kugeuka. Mwisho wa kijia mama hataufikia.

Mama hakusema neno. Alikaa juu ya jiwe na kapu lake mapajani, na kikwembe chake kipya, akitazama paa zile. Mimi nimesikia maneno mengi katika maisha yangu, mengine kwa lugha ya Mapadri, mengine kwa Kiarabu, na hakuna lililowahi kuniuma kama kimya kile. Nilijaribu kumchekesha. Niliiga mwendo wa mukubwa akishuka motokari. Mapasa walicheka. Yeye alinitazama, akaninyoosha kola ya shati, akarudi kutazama mto. Heri angenipiga.

Baba akafunga bashi, kwa sababu watoto lazima walale mahali. Mapasa walifurahi: nyumba isiyo na ukuta tena. Walitaka kujua kama tutaishi hivi siku zote. Dada yangu akakusanya kuni bila kuombwa, jambo lililonionyesha kwamba hali ni mbaya.

Jua lilipogusa miti, mama akasimama. Akaweka kapu chini, kwa mara ya kwanza. Akakaza kikwembe, akaenda kwenye kibanda, akachukua vijiti.

Hapa lazima nieleze. Kwao mwanamke hapigi lukumbi. Lakini babu, baba yake mama, alikuwa ndiye mpigaji wa kijiji chao, na mama alipokuwa msichana alikuwa akipiga ukingo wa kinu kwa mchi, akifuatisha kila kilichosemwa na baba yake. Babu alipita akajifanya hasikii. Jambo hili hakuna aliyelijua Kindu, hata baba.

"Baba Mapasa," alisema, "geuka, tazama mwenzangu kule. Na weye, yule, geuka pia. Wanaume hawakuona kitu."

Tukageuka. Baba alitazama kamio yake kwa bidii kubwa. Nyuma yetu ngoma ikaanza.

Haikuwa kama yangu. Yangu ilikuwa kelele yenye mpangilio. Ile ilikuwa muntu anaongea: anapumua, anangoja, anarudi nyuma kusahihisha neno. Baadaye nilimwomba anieleze alisema nini. Alisema ngoma haimwiti muntu kwa jina la mdomoni; kila mmoja ana jina lake la ngoma, refu, lenye maneno ya kwao. Alipiga jina la babu, kwa sababu ingawa babu amekufa, hakuna mzee wa mto ule asiyelijua. Kisha akasema: binti yake, aliyeondoka na tumbo, amesimama majini. Ameleta wawili wa tumbo moja. Mukubwa hayuko. Yuko mjinga tu. Nilimwuliza kama kweli ngoma ina neno la mjinga. Akasema yako mengi, alichagua fupi.

Alipomaliza, tulingoja. Kisha ng'ambo, ndani kabisa ya miti, ikajibu ngoma moja, mapigo machache. Mama akatoa sauti kama ya muntu aliyekanyaga maji ya baridi. Na ile ngoma ya msituni ikaanza tena, ndefu, lakini haikuwa inasema nasi. Baada yake tukasikia nyingine, mbali, upande wa Kama. Na baada ya hiyo mama akainua mkono tunyamaze, hata mapasa, akasikiliza kitu ambacho mimi mwenye sikio sikukisikia.

"Wanapeleka," alisema.

Asubuhi wavushaji walikuja. Kapita wao, yaani msimamizi, mzee mfupi mwenye kofia ya zamani ya askari, alipanda ukingoni, akamsalimu mama kwanza, kwa jina la baba yake, akamshika mikono miwili. Kisha akauliza ni nani fundi wa jana. Familia yangu yote ilinionyesha.

Alinizunguka taratibu.

"Njo weye mukubwa wa teritori?"

"Hapana, baba."

"Tulikimbia mara mbili," aliwaambia wenzake. "Kwanza kwa sababu ya mukubwa. Halafu tukakimbia mbele zaidi, kwa sababu ya upigaji ule. Nikasema, kama huyu njo mupiga-ngoma wa Serikali siku hizi, basi Serikali inakufa."

Wavushaji wakacheka mpaka wakashikilia makasia. Kisha kapita akawaona mapasa, na kicheko kikageuka kuwa kazi, maana wageni mapasa hawapokelewi mikono mitupu. Alimtuma muntu. Yakaja mayai: moja mkono wa huyu, moja mkono wa yule, saa ileile, ya ukubwa uleule. Kwa hiyo niseme ukweli wote: mayai yalikuja. Mapasa walinionyesha yao mpaka tukavuka. Sikupewa hata ganda.

Mke mwenza alipanda mitumbwini akitetemeka, baba anamsemesha polepole. Ghala lilikuwa karibu na ukingo. Baba akaanza kupakia mara moja, kwa sababu ya meli. Mama alisimama mwanzo wa kijia na kapu lake, akitazama kijani. Hakwenda, angekwenda asingewahi kurudi kabla ya kamio kuondoka. Nilisimama naye. Sikuwa na mzaha hata mmoja mfukoni.

Kwanza tulisikia wimbo. Wimbo ule kila mtu anaujua: ndio wanaouimba wabebaji wa kipoyi, kile kiti chenye miti miwili kinachobebwa mabegani, wazungu wakisafiri pasipo na barabara. Watu wa ghalani wakaacha magunia, wakajipanga. Karani wa ghala akavua kofia, akafunga vifungo mpaka cha shingoni. Kapita wa kivuko akanitazama kwa jicho baya, kana kwamba nimepiga tena.

Kipoyi kikatoka msituni mbio, vijana wanne wanatoka jasho, na juu yake, ameshikilia miti kwa mikono miwili, amefunikwa kitambaa kichwani, ameketi wima kama mtoza kodi: kibibi mdogo sana, mweusi sana, macho meupe kwa ukungu. Karani alibaki na kofia mkononi. Ngoma yangu ilisema mukubwa anakuja, na mukubwa alikuja.

Vijana wale ni wapwa wa bibi. Waliposikia ngoma jioni, yeye alikuwa ameshaisikia kabla yao. Walimkuta amekaa mlangoni amefunga mzigo, anauliza kwa nini wanachelewa. Wakaazima kipoyi cha sultani wao, mkuu wa kijiji, au wakakichukua, jambo hilo hawakulifafanua vizuri, wakatoka alfajiri.

Mama hakukimbia. Alitembea kama muntu aliyebeba maji kichwani. Alipiga magoti mbele ya kipoyi, na bibi akanyoosha mikono akampapasa uso, masikio, shingo, mabega, polepole, kama anayekagua nyumba aliyoiacha na majirani. Sitaandika walichosema. Sehemu kubwa haikuwa maneno. Kisha alipewa mapasa, mmoja kila goti. Kisha dada yangu. Kisha mimi. Nilikuwa mrefu mno, ikabidi nikae chini.

Mikono yake ilikuwa mikavu, inanukia mawese na moshi. Ilinipita usoni, ikasimama kichwani.

"Huyu nilimushika zamani," bibi alisema. "Alikuwa ndani bado. Alikuwa anapiga mateke hata ule wakati." Kisha akaniinamia. "Njo weye uliniita?"

Nilisema, "Ndiyo, bibi." Ulikuwa uongo, na nitaujibia mbele ya Mapadri na mwalimu wote wawili. Mama alinisikia. Aliacha upite.

Walikaa kivulini mwa ghala. Mama akafungua kapu, akamwosha bibi miguu kwa ile sabuni ya Kindu, akampaka mawese magotini, akamsuka nywele zile chache, na muda wote midomo yao haikupumzika. Mapasa walilala mgongoni kwa bibi kama paka. Na mimi nikaona kitu ambacho ndicho ninachokishukuru kuliko vyote vya safari ile. Baba, muntu wa haraka, muntu wa meli, alimaliza kupakia. Akafunga kamba. Akazivuta, zikawa ngumu. Kisha akatazama kivulini, akatazama jua, akafungua fundo lililokuwa zuri kabisa, akalifunga upya. Akaenda upande wa pili, akafungua lingine. Wapakiaji walimtazama wakadhani hajui kazi. Alizunguka kamio ile akifungua na kufunga mpaka jua likainama na pasiwe tena na fundo la kusingizia. Ndipo akaenda kivulini, akachutama, akasema taratibu, "Mama Mapasa."

Hawakulia wakiagana. Bibi alisema sasa ngoma inajua njia.

Tulifika Kindu meli ikiwa bado inapakia kuni. Baba ana funguo zake mpaka leo. Lakini ninayotaka kumaliza nayo yalitokea kabla ya hapo, tulipokuwa tunavuka mto kurudi. Mama alisimama peke yake ukingoni mwa mitumbwi, ameinua mikono yake miwili usoni. Nilidhani analia. Nilikaribia, nikaona anainusa. Kwa kuwa kungoja adhabu kunaniuma kuliko adhabu, nikamwuliza fimbo yangu ni lini.

"Fimbo yako iko, usihangaike," mama alisema. "Lakini leo mikono yangu inanukia mama yangu, siwezi kuishikia fimbo. Kesho nitanawa."